Kabla ya kuongeza kifurushi cha intaneti shuleni, tuangalie nini kwanza?

Mwalimu wa TEHAMA

Ndugu zangu, naomba mawazo kutoka kwa wenye uzoefu wa mitandao ya shule.

Shule yetu ina majengo manne: la utawala, madarasa ya chini, madarasa ya juu, na jengo la maabara na maktaba. Maabara ina kompyuta 40, na kuna vishikwambi vipatavyo 200 vinavyozungushwa madarasani kwa zamu, mbali na kompyuta mpakato na simu za walimu. Intaneti inaingia katika jengo la utawala kwa kifurushi cha megabiti 200 kwa sekunde, inapokelewa na ruta tuliyopewa na mtoa huduma, kisha inasambazwa kwa nyaya zilizovutwa zamani na kwa vifaa vidogo vya kuongeza mawimbi vilivyopachikwa kila palipotokea malalamiko.

Asubuhi mambo huwa shwari. Kuanzia kipindi cha tatu hali hubadilika: kishikwambi kinaonyesha kuwa kiko kwenye Wi-Fi lakini hakifungui chochote, na mwanafunzi mmoja anaendelea na kazi huku jirani yake wa dawati moja akitazama duara linalozunguka. Linaloniumiza zaidi ni majaribio ya mtandaoni, kwa sababu saa ya jaribio haisimami mtandao unapokwama, na mtoto anayelijua jibu anapoteza alama kwa jambo lisilo na uhusiano wowote na uwezo wake.

Kamati ya shule imepata fedha za kuboresha miundombinu, na wajumbe wengi wanaamini dawa ni kupandisha kifurushi hadi mara tatu ya hiki cha sasa. Mimi nina mashaka, ila nahitaji hoja zinazoweza kuthibitishwa mbele yao. Nitajuaje kwa uhakika kama tatizo liko kwa mtoa huduma au liko ndani ya uzio wetu? Na kama liko ndani, kipi kitangulie kati ya nyaya, swichi na vituo vya Wi-Fi?

Fundi Mitandao

Ndugu Mwalimu, mashaka yako yana msingi, na kabla ya kununua chochote unaweza kuyathibitisha kwa kompyuta mpakato moja na waya mmoja mzima.

Katika saa ile ile ya msongamano, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta kwa waya na upime kasi. Ukipata karibu megabiti 200 zako zote, au ukipata pungufu kidogo tu kwa sababu wengine nao wanatumia, basi mtoa huduma anatimiza wajibu wake na kifurushi kikubwa zaidi hakitamsaidia mtoto aliye darasani. Kisha rudia kipimo hicho kwa waya ukiwa maabara, na mwisho kwa Wi-Fi ukiwa katika darasa linalolalamikiwa. Pale ambapo kasi inaporomoka kutoka kipimo kimoja hadi kinachofuata ndipo ulipo ugonjwa. Usipime jioni shule ikiwa tupu, maana mtandao usio na watu huonekana mzima daima.

Hata hivyo, dalili uliyoieleza, ya kifaa kilicho kwenye Wi-Fi lakini hakina intaneti ilhali cha jirani kinafanya kazi, na ya mambo kuwa shwari asubuhi na kuharibika kadiri siku inavyosonga, inanifanya nihisi kwamba anwani zimekwisha. Ruta za nyumbani kwa kawaida hugawa anwani za IP, yaani namba zinazokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao, kutoka kwenye kundi moja lenye nafasi 254 tu, na nyingi zimewekwa zigawe pungufu ya hapo. Kila kifaa kinachojiunga hupewa anwani na kuishikilia kwa muda uliopangwa, ambao mara nyingi ni saa 24, hata kama kimezimwa na kurudishwa kabatini. Hesabu kompyuta zako, vishikwambi, mpakato za walimu, printa, na simu zinazojiunga zenyewe zikiwa mifukoni, utaona kwamba kufikia kipindi cha tatu kundi limekwisha na anayechelewa kujiunga anakosa. Kuhakikisha ni rahisi: tafuta kompyuta iliyokwama na usome anwani yake. Ikianza na 169.254, maana yake iliomba anwani, ikakosa wa kuijibu, ikajipangia yenyewe. Vishikwambi vingi havionyeshi namba hiyo bali hubaki vikisema vinatafuta anwani.

Tiba ya hilo haihitaji kubomoa ukuta. Kundi la anwani linaweza kupanuliwa hadi nafasi 1,022, na muda wa kushikilia anwani ukapunguzwa hadi saa moja au mbili. Ruta ya mtoa huduma huenda isiruhusu mabadiliko hayo, au ikayaruhusu na kulemewa, kwa hiyo ruta ya kiwango cha ofisi au shule ni ununuzi wa mapema kabisa.

Sasa tuje kwenye Wi-Fi yenyewe, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Hewa ya Wi-Fi ni kama darasa lenye nidhamu: katika chaneli moja anazungumza mmoja kwa wakati, na wengine wote husubiri. Kifaa cha kuongeza mawimbi kinachopokea ujumbe na kuurudia katika chaneli ile ile hulazimisha kila ujumbe utumwe mara mbili, hivyo nafasi inayobaki kwa watumiaji hupungua kwa takriban nusu, ingawa alama ya mawimbi kwenye kishikwambi inaonekana imejaa. Viondoe vyote. Weka vituo vya Wi-Fi ambavyo kila kimoja kimefikiwa na waya wake, na uviweke ndani ya madarasa, si kwenye korido. Kituo cha korido husikika madarasa mengi kwa unyonge na husikiana na wenzake wa korido kwa nguvu, yaani kinyume kabisa cha unachokitaka.

Katika masafa ya gigahezi 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, kwa hiyo jengo lenye vituo vingi haliwezi kutegemea masafa hayo. Yaelekeze madarasa kwenye gigahezi 5, ambako chaneli ni nyingi, tumia upana wa megahezi 20 badala ya kuuacha mfumo uchague upana mkubwa, na punguza nguvu ya kurusha. Watu wengi huongeza nguvu wakidhani wanasaidia, lakini kishikwambi hakina uwezo wa kujibu kwa nguvu ile ile, hivyo kinasikia bila kusikika. Vituo vya kizazi cha Wi-Fi 6, ambavyo kiwango chake rasmi kiliidhinishwa mwaka 2021, vimeundwa kwa kuzingatia maeneo yenye vifaa vingi kama darasa. Vishikwambi vya zamani, hata hivyo, havitapata faida yote ya kizazi hicho, na kimoja kinachozungumza polepole hula muda wa wenzake wote walio kwenye chaneli yake.

Mwalimu wa Sayansi

Naunga mkono yaliyosemwa, ila naomba mezani pawepo pia swali la somo lenyewe, kwa sababu mafundi hupanga mtandao kwa kuhesabu vifaa, ilhali sisi walimu tunajua kwamba kinachoulemea ni dakika ile moja ambayo mwalimu anasema, "Sasa fungueni video."

Video ya ubora wa wastani inahitaji takriban megabiti 3 hadi 5 kwa sekunde. Wanafunzi 40 wakiifungua kwa pamoja, kila mmoja kwenye kishikwambi chake, darasa hilo peke yake linaomba megabiti 120 au zaidi, na video ni moja. Nakala hiyo hiyo inavutwa kutoka mbali mara 40. Kwa masomo ya namna hii seva ndogo iliyo ndani ya shule ni ukombozi. Kolibri ni programu iliyotengenezwa mahususi kwa shule zenye intaneti haba, na maudhui yake hupakuliwa mara moja kisha wanafunzi huyasoma kupitia mtandao wa ndani hata kama intaneti imekatika. Kiwix hukuwezesha kuwa na Wikipedia nzima bila intaneti, na Moodle, programu ya kuendeshea masomo na majaribio ambayo walimu wengi wanaifahamu, inaweza kusimikwa kwenye seva ya shule ili majaribio yasitegemee hali ya nje. Kwa jaribio lako linalokwama, hilo la mwisho ndilo ningelipa uzito mkubwa kuliko yote.

Jambo lingine ambalo halihitaji fedha ni masasisho ya programu. Vishikwambi vinapotolewa kabatini vikiwa na chaji kamili, vingi huanza kupakua masasisho papo hapo, katikati ya kipindi. Vipangiwe kufanya hivyo baada ya masomo, vikiwa vimeachwa kwenye chaji na Wi-Fi ikiwa imewashwa.

Msimamizi wa Mifumo

Natofautiana kidogo na Mwalimu wa Sayansi kuhusu seva ya ndani, si kwa sababu wazo ni baya, bali kwa sababu limeachwa bila mwenyewe. Seva isiyo na mtu anayefahamika wa kuisasisha, kuhifadhi nakala za kazi za wanafunzi na kuangalia diski yake itafanya kazi vizuri muhula wa kwanza, kisha itakufa na majaribio ya shule nzima. Kama shule ina mtu huyo, na ratiba yake imempa saa za kazi hiyo badala ya kumtwisha juu ya vipindi kamili vya kufundisha, iwekeni seva kwa moyo wote. Kama hayupo, anzeni na maudhui ya kusoma tu, ambayo yakipotea yanaweza kupakuliwa upya, na majaribio yaacheni yaendeshwe nje hadi mpate msimamizi.

Kuhusu ukubwa wa kifurushi, kamati inaweza kupenda kipimo cha kulinganisha. Mwaka 2014 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliweka lengo la muda mrefu la gigabiti 1 kwa sekunde kwa kila watumiaji 1,000 wa shule, yaani wanafunzi na watumishi kwa pamoja. Ni lengo kubwa kwa shule nyingi duniani, na silitaji ili liwakatishe tamaa. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba siku moja mtahitaji kifurushi kikubwa kweli, na nyaya mtakazovuta leo ndizo zitakazokibeba.

Usalama pia hauwezi kusubiri awamu ya mwisho. Nimeona shule ambazo nenosiri la Wi-Fi limeandikwa ubaoni na halijabadilishwa kwa miaka, na mtandao huo huo ndio unaobeba kompyuta ya mhasibu yenye taarifa za wanafunzi wote. Gaweni mtandao katika mitandao pepe, maarufu kama VLAN: utawala peke yake, walimu peke yao, vifaa vya wanafunzi peke yake, na wageni peke yao bila njia ya kufikia chochote cha ndani. Walimu na watumishi waingie kwa jina na nenosiri la kila mmoja kupitia mfumo wa 802.1X, ili anayehama shule aondolewe bila kuwasumbua waliobaki. Uchujaji wa tovuti zisizofaa kwa watoto uwekwe kwenye DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, au kwenye ruta, na wanafunzi waelezwe wazi kwamba upo na kwa nini upo. Msiongeze majina ya Wi-Fi ovyo, kwa kuwa kila jina hujitangaza hewani takriban mara kumi kwa sekunde katika kila kituo, na matangazo hayo hula muda wa masomo. Matatu yanatosha.

Mwisho, nunueni swichi zinazoweza kusimamiwa. Mwanafunzi mmoja akichomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi ya kawaida, ujumbe huanza kuzunguka bila kikomo na shule nzima husimama, wala hakuna taa itakayokuonyesha ni wapi. Swichi inayosimamiwa huufunga mlango huo yenyewe. Vivyo hivyo mtu akileta ruta yake kutoka nyumbani na kuichomeka ukutani, itaanza kugawa anwani zake za uongo kwa kompyuta za jirani, na ni swichi ya namna hii pekee itakayoizuia.

Mwalimu wa TEHAMA

Nawashukuru sana. Nimepima kama nilivyoelekezwa, katika kipindi cha nne, siku ambayo madarasa mawili yalikuwa na majaribio.

Kwa waya moja kwa moja kwenye ruta nilipata megabiti 180 na ushei. Maabara, kwa waya vilevile, kila nikirudia kipimo napata 94 na haivuki hapo, hata nilipoomba wote waliokuwa mtandaoni wasimame kwa muda. Katika darasa la juu kwa Wi-Fi nilipata 6, kisha 2, kisha kipimo kikagoma. Kompyuta mbili zilizokwama nilizozikagua zote zilikuwa na anwani inayoanza na 169.254.

Hiyo 94 isiyobadilika inanishangaza. Pia naomba ushauri kuhusu kuunganisha majengo: waya uliopo umepita juu kutoka jengo hadi jengo, na kila msimu wa mvua tunapoteza swichi moja au mbili.

Fundi Mitandao

Ndugu Mwalimu, vipimo hivyo ndivyo vya kuipelekea kamati, na uvipeleke vikiwa vimeandikwa pamoja na saa na mahali vilipochukuliwa.

Hiyo 94 inaeleza mengi. Kiungo kilichokubaliana kufanya kazi kwa megabiti 100 kwa sekunde hubakiwa na takriban 94 hadi 95 za kupitishia data baada ya kutoa gharama za usafirishaji wenyewe. Maana yake ni kwamba mahali fulani kati ya ruta na maabara kuna swichi ya kizazi cha zamani, au kuna waya ambao jozi zake zote nne haziko salama. Kasi ya gigabiti moja hutumia jozi zote nne, ilhali megabiti 100 hujitosheleza kwa jozi mbili, kwa hiyo unyuzi mmoja wa jozi mbili zile nyingine uliokatika kwenye kichwa cha waya hauzimi mtandao bali huushusha kimyakimya, na unaweza kukaa hivyo miaka bila mtu kujua. Kifuatilie kipande kwa kipande, ukianza na vichwa vya waya. Mpaka hapo patengenezwe, kamati ikinunua hata megabiti 600, maabara itaendelea kupata 94.

Kwa nyaya mpya za ndani ya majengo, kebo ya daraja la Cat6 inatosha kwa gigabiti moja hadi mita 100, na hubeba gigabiti 10 kwa umbali usiozidi takriban mita 55. Cat6A hubeba gigabiti 10 kwa mita 100 zote. Mimi ningeweka Cat6A kwenda kwenye vituo vya Wi-Fi, kwa sababu kufungua dari mara ya pili hugharimu kuliko tofauti ya bei ya waya, na maeneo mengine ningeweka Cat6. Sisitizeni kwenye mkataba kwamba kebo iwe ya shaba halisi. Sokoni kuna kebo za alumini iliyopakwa shaba ambazo kwa macho hazitofautiani, lakini hukatika kirahisi na hupata joto zinapobeba umeme wa kuendesha vituo vya Wi-Fi. Kuhusu umeme huo, swichi zenye PoE, yaani zinazopitisha umeme kwenye waya wa mtandao wenyewe, ya kiwango cha 802.3at hutoa hadi wati 30 kwa kila mlango, ila someni pia jumla ya wati ambazo swichi nzima inaweza kutoa, kwani mara nyingi haitoshi milango yote ikitumika kwa pamoja. Faida yake kubwa ni kwamba UPS moja, yaani kifaa cha betri ya akiba, kwenye kabati la swichi huviwezesha vituo vyote vya jengo hilo kubaki hai umeme unapokatika, na jaribio linaendelea.

Waya wa shaba kati ya majengo uondoeni kabla msimu wa mvua haujafika tena. Radi haihitaji kuupiga waya huo, maana ikianguka jirani tu inatosha kuamsha msukumo wa umeme ndani yake, na tofauti ya volti ya ardhi (earth) kati ya jengo na jengo hupitisha mkondo ambao swichi haikuundwa kuuhimili. Nyuzi za mwanga (fiber) hazipitishi umeme, kwa hiyo chagueni kebo isiyo na kiini cha chuma, ya aina ya modi moja (single-mode), ipite chini ya ardhi ndani ya bomba. Vuteni nyuzi nyingi kuliko mnazohitaji sasa, maana gharama kubwa iko kwenye kuchimba. Kebo hiyo hiyo itabeba gigabiti 1 leo, na siku mtakapotaka 10 mtabadilisha vipokezi vya ncha mbili tu.

Mwalimu wa TEHAMA

Nimeelewa, na sasa naweza kusimama mbele ya wajumbe nikiwa na vipimo mkononi. Fedha zitatolewa kwa awamu mbili. Ningependa kujua kama mpangilio huu unafaa: ruta na mpango wa anwani kwanza, kisha nyuzi za mwanga na nyaya, kisha vituo vya Wi-Fi.

Msimamizi wa Mifumo

Unafaa, ila vituo vya Wi-Fi vya jengo lile ambamo majaribio hufanyika viingizwe katika awamu ya kwanza, ili watoto waanze kupata nafuu mapema na kamati ione matokeo kabla ya kuidhinisha awamu ya pili. Tengeni pia fungu la kila mwaka la kubadilisha vifaa, kwa sababu vituo vya Wi-Fi na betri za UPS vina umri, na mfadhili wa awamu hii huenda asiwepo vitakapochoka.

Siku ya makabidhiano msitie saini mpaka mkandarasi awape mambo haya: matokeo ya kipimo cha kila waya, kilichochukuliwa kwa kifaa cha kupimia nyaya na si kwa kuangalia kama taa inawaka, ramani inayoonyesha kila waya unaanzia mlango upi wa swichi na unaishia tundu lipi la ukutani, na lebo ziwe zimebandikwa pande zote mbili, na manenosiri ya usimamizi ya ruta, swichi na vituo vyote, yakiwa mikononi mwa shule. Yajaribuni hapo hapo, kifaa kimoja baada ya kingine, mkandarasi akiwepo.